Mzee Ndani ya Tangi la Mtukufu

Nchi ninayotaka kuisimulia ina jina zuri sana, ila sheria yake inakataza jina hilo kutajwa na mtu aliyekaa, nami magoti yananiuma. Tuiite nchi tu. Haina bahari. Bahari wanayo majirani, watu wachoyo wenye hila, na kila Jumatatu lori la maji huvuka mpaka na ving'ora mbele na nyuma, kwenda kuchota maji ya chumvi kwa ajili ya tangi la samaki lililoko sebuleni kwa Mtukufu Rais. Lori linaporudi, raia waliosimama bombani na ndoo tupu huacha foleni, hujipanga kando ya barabara na kulishangilia. Hufanya hivyo kwa hiari. Wasio na hiari huandikwa majina.

Msidhani tangi hilo ni pambo. Ndiyo katiba. Katiba ya zamani ilikuwa kitabu, ikaliwa na mchwa, na Mtukufu akasema kitu chenye uhai ni bora kuliko karatasi. Tangu hapo waziri akiapishwa hufika na samaki wake wa maji ya chumvi katika mfuko wa nailoni, humfungulia tangini mbele ya mashahidi, na kuanzia saa hiyo samaki ndiye waziri. Akiogelea vizuri, wizara inakwenda vizuri. Akijibanza nyuma ya jiwe, waziri ana jambo analificha. Kumtoa samaki tangini akiwa hai ni uhaini, kwa sababu ni sawa na kuitoroka nchi. Na samaki akifa, waziri hujiuzulu siku hiyo hiyo kwa sababu za kiafya. Sijasikia hata mmoja aliyepata nafuu.

Mtukufu mwenyewe hana samaki. Yeye ndiye anayewalisha, siku anazokumbuka.

Jambo jingine mgeni anapaswa kulijua kabla hajavuka kizingiti cha Ikulu hiyo: ndani hamna kioo cha kujitazamia, hata kimoja. Viliondolewa vyote kwa sababu za kiusalama mwaka ule Mtukufu alipoota mvi za kwanza. Ipo picha rasmi, aliyopigwa siku ya kutwaa madaraka akiwa kijana wa kidevu imara na nywele nyeusi tii, na picha hiyo hiyo ndiyo inayotundikwa ofisini, inayochapwa gazetini, na inayowekwa kwenye televisheni huku sauti yake ikihutubia. Mtukufu akitaka kujua anavyoonekana siku hizi, huitazama picha hiyo ukutani, akaridhika. Kinyozi wake akimaliza kazi humweleza matokeo kwa mdomo, na maelezo hayajawahi kuwa mabaya.

Katika nchi hiyo Hamduni Kichele alikuwa Waziri wa Subira ya Umma. Kila kitu kilipokwisha madukani, au daraja lilipoanguka, au mshahara ulipochelewa hadi ukasahaulika, yeye ndiye aliyesimama redioni kuwaomba wananchi wavute subira. Picha yake ilibandikwa katika hospitali zote, mahali ambapo zamani palikaa dawa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga ukivaa suti watu huuita busara.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kuchagua tasi. Aliona tasi anakula majani, hana ugomvi na mtu, anapendeza. Wenzake walichagua kwa akili. Waziri wa Fedha alileta kangaja, ambaye ana wembe mkiani. Waziri wa Habari alileta bunju, anayejaza maji tumboni akawa mkubwa mara tatu bila kuongeza chochote cha maana. Waziri Mkuu alileta chewa, na chewa huyo alikwishameza manaibu waziri wawili wakiwa wangali katika kuapishwa. Lakini wa kuogopwa kuliko wote alikuwa kikande wa Jenerali Mtandika, Waziri wa Utulivu.

Kikande huyo alipoletwa alikuwa mdogo kama kidole gumba. Alilala katika ufa wa jiwe, akatoka kwa haya, akala mwisho, na kila mtu akasema kiumbe huyu mpole namna gani. Akakua. Alipokua akauona ule ufa ni mdogo, akachukua pango la jirani. Akachukua upande wote wa kulia wa tangi, kisha akachukua na wa kushoto ili kuulinda ule wa kulia. Akaanza kuhamisha mawe kwa mdomo. Meno yake yanavunja kombe, seuze pezi la tasi. Na kwa kuwa tasi ndiye aliyeingia tangini mwisho, hakuwa na jiwe wala pango la kusema hili langu. Alifukuzwa asubuhi, akafukuzwa mchana, hadi akabaki kujibanza nyuma ya pampu, mkia umechanika na mwili umeingia mabaka ya kahawia, kama wanavyofanya tasi wakipatwa na hofu. Tasi ana miiba yenye sumu mgongoni, lakini huyu hata kuisimamisha alikuwa ameacha.

Jioni moja Profesa Lubango, Msomaji Mkuu wa Tangi, alisoma Taarifa ya Tangi redioni. "Samaki wa Waziri wa Subira ya Umma," alisema, "amebadilika rangi. Wananchi watakumbuka kwamba anayebadili rangi hubadili na msimamo."

Hamduni akazima redio.

Baraza la Mawaziri lilikutana wiki hiyo kama kawaida, viti vimelielekea tangi. Mtukufu aliingia akikokota mguu, akakaa, akakohoa, na mawaziri wakakipigia makofi kile kikohozi. Hamduni akanyoosha mkono.

"Mtukufu, kwa unyenyekevu mkubwa. Naona kama baadhi ya samaki... hawapatani. Pengine wangewekewa kizuizi kidogo katikati, au tangi lingepanuliwa."

"Nani hapatani na nani?" aliuliza Mtukufu.

Jenerali Mtandika hakugeuka hata kumtazama. "Samaki wangu hajamng'ata mtu, Mtukufu. Anamlinda tasi. Tasi akiachwa aogelee ovyo ataumia."

"Ameshaumia," alisema Hamduni. "Mkia hana."

"Angekuwa nao angekimbilia wapi?" alisema Jenerali, na Baraza likacheka kwa sauti moja. Waziri wa Fedha alicheka hadi akapangusa machozi, na miwani yake ilipokuwa mkononi alimtazama Hamduni kwa chuki safi ya mtu ambaye wiki iliyopita aliyekuwa anang'atwa ni samaki wake.

Profesa Lubango akasimama. "Mtukufu, tume yangu ya mapatano ya samaki imekaa, imesafiri nje kwa ziara ya mafunzo, imerudi na imepumzika. Imebaini kwamba suala la samaki kutopatana halipo. Kinachoonekana kwa macho yasiyosoma kama kung'atana ni mashauriano ya karibu. Kasoro iko kwa tasi mwenyewe, ambaye amekosa utayari wa kung'atwa kizalendo."

Mtukufu akatikisa kichwa kwa huzuni, kama mzazi.

"Sikukuu ya Taifa inakuja," alisema. "Wageni watakuja kuliona tangi. Sitaki mgonjwa ndani. Waziri wa Subira, samaki wako asiponawiri kabla ya sikukuu, itabidi afya yako iangaliwe."

Jenerali Mtandika ndipo akageuka, akamtazama Hamduni kuanzia viatu hadi kichwani, kama fundi anayekadiria ubao wa sanduku.

Nyumbani mkewe, Bi Hidaya, alikuwa barazani anachambua mchele. Pembeni yake alikaa baba yake Hamduni, Mzee Kichele, aliyeletwa mjini kutibiwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limekwisha. La pili liliona vitu vya puani tu, mradi avikodolee.

"Nimetoka hospitali," alisema mzee kabla hajaitikia shikamoo. "Nimekaa tangu alfajiri. Nikauliza daktari yuko wapi, nikaonyeshwa picha. Nikaisogelea, nikaikodolea, kumbe ni wewe! Unaniambia nivute subira. Mtoto niliyekufuta kamasi mimi mwenyewe!"

"Baba, niache leo. Nina matatizo."

"Na mimi jicho langu ni starehe?"

Hamduni akamweleza mkewe habari ya kikande, pampu na sikukuu. Bi Hidaya alimsikiliza huku akitupa mawe ya mchele uani, moja moja, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Mheshimiwa," alisema. Alimwita hivyo alipotaka kumuudhi. "Wewe kazi yako ni subira, si uisubiri hiyo siku yenyewe?"

"Hidaya, wataniua."

Akaona kwamba mumewe hatanii. Akauweka ungo chini. "Unamkumbuka yule jogoo wetu mkorofi, aliyekuwa akiwaparura kuku wote hadi hawatagi? Siku ulipoegesha gari karibu na banda, akajiona kwenye kioo cha pembeni, akadhani ni jogoo mwingine. Akapigana nacho kutwa nzima. Kuku wakapumua. Hakuna mkorofi anayemwogopa mnyonge, na hakuna anayemwacha mkorofi mwenzake. Mpe huyo kikande mwenzake."

"Nimnunue kikande wa pili?"

"Ukikosa akili hata ya jogoo, jamani!" Akaingia ndani, akarudi na kioo kirefu alichokibandua kwenye mlango wa kabati la nguo. "Hiki nilikuja nacho kutoka kwetu. Ukikivunja usirudi."

Kuingiza kioo Ikulu kulitaka ujasiri ambao Hamduni hakuwa nao, kwa hiyo alitumia ule wa mkewe. Alikifunga mgongoni kwa kanga, akavaa koti juu, na akatembea wima hivi kwamba walinzi wakampigia saluti. Wimbo wa taifa wa nchi hiyo ni mrefu, na huimbwa macho yamefumbwa, kwa mapenzi. Anayefumbua anahesabiwa kuwa hana mapenzi, na kwa kuwa wa kumwona ni lazima naye awe amefumbua, sheria hiyo haijawahi kuvunjwa na mtu yeyote. Baraza lilipofika kwenye beti za milima na mito, Hamduni alijipenyeza hadi kwenye tangi, akakichomeka kioo kati ya ukuta na kioo cha nyuma cha tangi, uso wake ukitazama majini. Beti za mashujaa zilipoanza alikuwa ameshakaa, jasho likimtiririka.

Kikande alimwona mara moja. Alisimamisha mwiba wa mgongoni, na yule wa pili akasimamisha wake. Akatoa meno, mwenzake akatoa vilevile. Tangu alipokua hakuwahi kujibiwa. Akajitupa kwenye kioo kwa hasira hadi mdomo ukagonga ta! na hakurudi nyuma tena. Tasi alichungulia nyuma ya pampu. Akatoka nusu. Akatoka mzima, akaenda kudonoa jani la mwani lililokuwa linaelea peke yake, na hakuna aliyemfuata. Hamduni alihisi moyo wake unalegea kwa furaha. Angeweza kulia pale pale.

"Kikande anapigana na nani kule?" aliuliza Mtukufu.

Akanyanyuka, akakokota mguu hadi kwenye tangi, akainama. Akakaa hivyo kwa muda. Mgongo wake ukakakamaa.

"Mna nini humu?" alisema kwa sauti ambayo Baraza halikuwahi kuisikia. "Mna mzee!"

"Mzee! Mbaya! Mashavu yamebonyea, nywele zinamtoka masikioni, mdomo umepinda. Ameingiaje? Tazameni anavyonikodolea macho!"

Mawaziri wakasogea wakatazama, na kila mmoja alijua anachokiona, kwa sababu kila mmoja nyumbani kwake ana kioo. Neno lenyewe ni fupi. Lakini mtu akisema hicho ni kioo, itabidi aseme na huyo mzee ni nani. Waziri wa Habari akakohoa. Waziri Mkuu akatazama dari, akaona ni nzuri. Jenerali Mtandika ndiye aliyewahi.

"Mtukufu, ni kweli. Samaki wangu ndiye aliyemgundua. Mnaona anavyomshambulia!"

"Umesoma nini hapo, Profesa?" alifoka Mtukufu.

Profesa Lubango akavaa miwani, akavua, akavaa. "Nasoma upenyezaji, Mtukufu. Huyu ni mzee wa kificho. Mwili wake uko mahali fulani nchini, amejificha. Kilichomo tangini ni nia yake."

"Waziri wa Subira! Wewe unamfahamu?"

Hamduni alisimama, koti limelegea mgongoni. Akamtazama Mtukufu, akamtazama mzee wa tangini, ambaye naye alikuwa amegeuka kumsubiri.

"Simfahamu, Mtukufu. Hajawahi kuonekana nchini humu."

Msako ukaanza siku hiyo. Amri ilisema atafutwe mzee mwenye mashavu yaliyobonyea, nywele masikioni na mdomo uliopinda, na kwamba asijulishwe anatafutwa kwa sababu gani, ili asije akajirekebisha. Wazee walikamatwa walipokuwa msikitini na kanisani, walipokuwa wakicheza bao, na mmoja alikamatwa katikati ya mazishi yake mwenyewe kwa kuwa sura ililingana. Vijana wakaanza kuwapaka babu zao rangi nyeusi ya nywele, na bei ya rangi ikapanda, na Hamduni akaingia redioni kuomba subira.

Lakini ndani ya sebule ile ilikuja neema. Kikande alipigana na kioo kutwa kucha, akasahau kama kuna samaki wengine duniani. Kangaja alikunja wembe wake. Tasi alinawiri, mkia ukaota, rangi ikarudi, akajipatia na jiwe. Na Mtukufu naye akabadilika vilevile. Zamani alizoea kuanza siku kwa kumtukana waziri mmoja hadi atetemeke. Sasa aliingia moja kwa moja kwenye tangi, akamtolea yule mzee macho, akamwita mwizi, mchawi, mla nchi, mng'ang'anizi asiyejua wakati wake umekwisha, na alipochoka alikaa na kuwauliza mawaziri kwa upole kama wamekunywa chai. Hata samaki aliwalisha, maana alikuwa pale kila saa. Mawaziri wakaanza kusalimiana. Waziri wa Fedha alimwalika Hamduni kwake kula biriani. Ilikuwa serikali nzuri kuliko zote zilizowahi kutokea katika nchi hiyo, na Hamduni ndiye aliyejua imesimama juu ya nini.

Siku mbili kabla ya sikukuu Bi Hidaya alimpigia simu akilia. "Wamemchukua baba! Hapa hapa barazani! Nimewaambia ni baba wa waziri, wakasema ndiyo vizuri, hawatapata shida kukutafuta!"

Hamduni alikimbia Ikulu. Akajitupa kwenye zulia. "Mtukufu, mzee aliyekamatwa kwangu ni baba yangu mzazi. Ni mgonjwa wa macho. Hajui hata tangi ni kitu gani."

"Si vigumu," alisema Mtukufu kwa huruma ya kweli. "Mlete tumlinganishe. Mimi si dhalimu."

Baraza likaitwa. Mzee Kichele akaletwa, kiatu kimoja, kofia hana, askari wawili wamemshika kwapani na yeye anawagombeza. "Msinivute, nina miguu! Kwenu hamna wazee nyinyi?" Hakumwona mwanawe, kwa kuwa Hamduni alikuwa mbali na pua yake. Mtukufu alikaa kando kwenye kiti chake, akaamuru asogezwe hadi kwenye tangi.

"Tazama humo. Unamwona nani?"

Mzee alilisogelea tangi hadi pua ikagusa, akalikodolea lile jicho moja. Kikande alikuwa anapiga ta, ta, ta. Tasi alikuwa anakula. Hamduni aliona wazi kwamba kulikuwa na nafasi ya neno moja, neno lenye silabi chache, ambalo angelitamka na baba yake angekwenda nyumbani na yeye asingekwenda. Lilimfikia kwenye meno. Akamtazama tasi wake, mnene, mwenye jiwe.

"Mh," alisema mzee. "Huyu si mimi huyu? Loo! Nimezeeka, jamani."

"Amekiri!" Mtukufu akaruka kitini kama kijana.

Makofi yakapasuka. Jenerali alipiga, Profesa alipiga, Waziri wa Fedha alipiga huku akimtazama Hamduni kwa pembe ya jicho. Hamduni akaunganisha viganja. Alianza taratibu, kisha alipoona anatazamwa akapiga kwa nguvu kuliko wote.

Mzee Kichele akageuza sikio. Mzazi humjua mtoto hata kwa kikohozi. "Hamduni? Upo hapa, mwanangu? Waambie hawa basi."

"Vuta subira, baba," alisema Hamduni.

Walipomtoa alikuwa bado ameugeuzia uso ule upande ilikotoka sauti.

Kesho yake Mtukufu alishuka ngazi akiimba. Alikuwa amewaita mawaziri wote mapema waje washuhudie tangi lililotakaswa, na alimshika Hamduni bega, akamwita mzalendo aliyeweka nchi mbele ya damu, akaahidi kumpa medali sikukuu ikifika. Kisha akainama kutazama.

Mzee alikuwa bado yumo, anamkodolea macho. Mtukufu akajinyoosha polepole, akamgeukia Hamduni. Hakufoka. Alimuuliza kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani:

"Waziri wa Subira, huko kwenu wazee wamebaki wangapi?"

Jenerali Mtandika alikwishaita askari. Hamduni akaanza na mjomba.